Siku 12 Unguja na Pemba: jibu kwa msomaji anayetaka kuishi kama wenyeji

SWALI: Mimi ni muuguzi na ninaishi Eldoret, Kenya. Mwaka 2019 nilifika Zanzibar na wenzangu wa kazini, tukalala siku 4 katika hoteli ya ufukweni huko Nungwi, tukaogelea, tukapiga picha, tukarudi. Mama yangu aliponiuliza watu wa huko wanaishi vipi nilikosa jibu, kwa sababu sikuzungumza na mtu ila wahudumu na dereva. Mwezi wa Agosti nina likizo ya siku 12 na ninakuja peke yangu. Nataka kula wanachokula wenyeji, kupanda gari wanazopanda, na kufika Pemba pia. Nianzie wapi? Na je, mimi Mkristo mwenye Kiswahili cha bara nitapokelewa, au nitakuwa ninawasumbua watu?

JIBU: Dada yangu, nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa naona ndilo lililokukaa moyoni. Utapokelewa, Ukristo wako hautakuwa kizuizi, wala Kiswahili chako hakitachekwa. Lakini utapokelewa kama mgeni, na kwetu ugeni ni cheo. Mgeni ana haki zake, kama kukaribishwa chakula na kuelekezwa njia bila ya malipo, na ana wajibu wake, kama kubisha hodi, kuamkia na kuaga. Nimefanya kazi ya kutembeza wageni mjini Unguja kwa zaidi ya miaka 20, ingawa kwetu khasa ni Wete, Pemba, na wale niliowaona wakiingia ndani ya maisha ya watu ni wale waliokikubali cheo hicho tangu siku ya kwanza. Anayetaka kukiruka ili awe mwenyeji kwa siku 12, akajifunga buibui asilolizoea au akavaa kanzu aliyoinunua jana, watu humtazama kwa adabu na kumwacha apite.

Jambo la kwanza ninalokushauri ni kupunguza safari. Wageni wengi huniletea karatasi iliyojaa: siku 2 Mji Mkongwe, siku 2 Nungwi, siku 2 Paje, siku moja Jozani kuwaona kima punju, siku moja Kisiwa cha Changuu. Hiyo ni ratiba nzuri ya kuona vitu. Wewe unataka watu, na watu hawaonekani kwa haraka. Zigawe siku zako mara mbili tu: 7 katika mtaa mmoja wa mjini Unguja, na 5 mahali pamoja Pemba. Siku ya kwanza mtaa utakuona, siku ya pili utaitikiwa salamu, siku ya tatu muuza mikate atakuuliza jana jioni ulikuwa wapi mbona hukupita. Mazungumzo yote unayoyatamani huanzia katika swali hilo la siku ya tatu, na mgeni anayelala siku mbili mbili kila mahali huondoka kila mara kabla halijaulizwa.

Sasa mtaa gani? Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na nyumba zake nyingi, khasa upande wa Shangani, zimegeuka hoteli na maduka ya vinyago. Ukilala huko utaamka na wageni wenzako. Wakaazi wengi wa mjini wako Ng'ambo, jina lililobaki tangu zama ambazo hori la bahari liliutenga Mji Mkongwe na makaazi ya upande wa pili, watu wakivuka kwa daraja ambalo ndilo lililoipa Darajani jina lake. Hori lilifukiwa na leo pana barabara, lakini tofauti ya pande mbili hizo bado utaihisi ukivuka kwa miguu. Tafuta nyumba ya wageni Malindi au Mkunazini, sehemu za Mji Mkongwe ambako familia nyingi bado zinaishi, au vuka kabisa uende Kikwajuni, Kisiwandui au Mlandege. Kabla ya kulipa, uliza kama pana skuli, msikiti na duka la mikate karibu. Mahali penye vitu hivyo vitatu pana wenyewe.

Ikitokea ukaalikwa kulala katika nyumba ya familia, mwombe mwenyeji wako ampe taarifa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa huo, na ikiwezekana mfuatane mkamwamkie. Wageni wengine hulichukulia jambo hili kama kuchunguzwa, na mimi sikubaliani nao. Sheha ndiye anayejua nani amelala katika eneo lake, na ukiugua au ukipotelewa na kitu yeye ndiye wa kwanza kuulizwa. Kama raia wa Kenya huhitaji viza, ila pasipoti yako huangaliwa tena katika bandari ya Malindi, hapa hapa mjini Unguja, hata ukitokea Dar es Salaam, kwa hiyo usiifungie mbali kwenye sanduku.

Ukishapata pa kulala, zifuate saa za watu, kwa sababu mgeni hupotezwa na saa kuliko anavyopotezwa na njia. Mji huamka na adhana ya alfajiri. Baina ya saa 1 na saa 4 asubuhi mtu akikuuliza, "Umeshakunywa chai?", anataka kujua kama umekula, kwa kuwa kunywa chai ndilo jina la mlo wenyewe: chai ya maziwa au ya rangi iliyotiwa tangawizi na iliki, pamoja na maandazi, vitumbua, muhogo wa nazi, au mkate wa ajemi uliotoka kwenye tandoo kwa mbaazi au maharage ya nazi. Chakula kikubwa ni cha mchana, baada ya sala ya adhuhuri, na mara nyingi ni wali kwa mchuzi wa samaki na mboga. Baada ya hapo mitaa hutulia, maduka mengi hufungwa kwa saa kadhaa, na jua likipungua watu hutoka tena. Alasiri ndiyo saa ya urojo, ule mchuzi wa manjano wenye ukali wa embe mbichi au ukwaju, ndani yake mna mbatata, bajia, kachori na mishkaki, na juu yake chatne ya nazi na pilipili. Usiku nyumba nyingi hurudi kwenye chai na mikate. Ukitafuta sahani ya wali saa 3 usiku, utaelekezwa kwenye mkahawa wa wageni, na hapo ndipo wengi hukata shauri kwamba hakuna chakula cha wenyeji mjini. Kipo, ila wao wamekifuata kwa saa isiyokuwa yake. Forodhani, bustani ya ufukweni mwa Mji Mkongwe kunakouzwa vyakula, usiku ni pazuri na wenyeji pia huenda na watoto wao kupunga upepo, lakini usipafanye ndipo mahali pako pa kula kila siku.

Nenda Darajani asubuhi, katika soko ambalo watu wa mjini huliita Marikiti na ambalo jengo lake lilifunguliwa mwaka 1904. Simama pembeni mwa mnada wa samaki kwa nusu saa bila ya kununua kitu. Dalali humwaga samaki mbele yake, mitungo ya changu, kolekole mmoja mkubwa, fungu la tasi, na bei huitaja yeye mwenyewe huku akizipitia nyuso za wachuuzi kwa macho. Anayetaka kupandisha bei hasemi neno. Hutikisa kichwa kidogo au hunyanyua nyusi, na dalali amekwisha kumwona. Mgeni asiyejua akijikuna sikio si kwamba atauziwa samaki, maana dalali anawajua watu wake, lakini akijipenyeza mbele kwa simu yake ya kupigia picha atawaziba watu wanaotafuta riziki kwa kutazamana. Wewe nunua kwa mchuuzi aliyekwisha kununua mnadani. Changu wawili au watatu wanatosha, na wapo vijana pale pale wanaopaa na kutumbua samaki kwa malipo madogo.

Na hapa nitakuambia jambo ambalo limewafaa wageni wangu kuliko ziara yoyote ya kulipia. Wachukue samaki hao mpaka kwa mama wa nyumba uliyofikia, au kwa jirani mliyekwisha kuzoeana, umwombe akufundishe kuwapika kwa nazi. Utakalishwa juu ya mbuzi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma wenye meno, nawe utakuna nazi hadi mkono uchoke. Utafundishwa kuzungusha kifuu polepole ili usifike kwenye gamba jeusi, kwa sababu likiingia tui hupoteza weupe wake. Nazi iliyokunwa itakamuliwa kwenye kifumbu, kile kichujio cha ukili, mara mbili: tui la kwanza, zito, litawekwa kando, na tui la pili, jepesi, ndilo litakalotangulia chunguni pamoja na tungule, vitunguu, bizari na ndimu. Samaki wakikaribia kuiva ndipo tui zito litiwe, na kuanzia hapo utakatazwa kuuacha mwiko, kwa kuwa tui likichemka bila ya kukorogwa hukatika na mchuzi ukawa wa maji na mafuta. Kazi hiyo yote huchukua saa moja na nusu hivi. Katika muda huo utaulizwa una watoto wangapi, muuguzi wa kwenu analipwa vipi, mama yako mzima, na wewe utauliza ya kwako. Mwanamke aliyeshika mwiko huzungumza kwa raha kuliko aliyeketishwa sebuleni kukutana na mgeni.

Nimetaja tungule kwa makusudi. Kiswahili chako kitaeleweka bila ya shida, lakini huku nyanya zenu ni tungule, viazi ni mbatata, karanga ni njugu, shule ni skuli, hospitali ni spitali, na ukitaja nyanya kwa maana ya mama yake mama, mtoto wa Unguja atadhani unaongelea mboga. Yeye humwita bibi. Maneno ni rahisi kuyachukua. Kinachohitaji uangalifu ni mwendo wa mazungumzo. Ukiingia dukani ukasema, "Nipe mkate", umesema sawa kwa sarufi na umekosea kwa adabu, kwa kuwa hujaamkia. Anza na habari za asubuhi, ngoja ujibiwe, jibu unachoulizwa, ndipo useme, "Naomba mkate". Mzee mpe shikamoo yake. Mlangoni piga hodi, na kama umeipiga mara tatu pasipo jibu, rudi zako. Usisukume mlango wala kuchungulia dirishani, hata kama unasikia redio ndani. Ukipita penye watu wanaokula wakakuambia karibu, jibu "starehe" na uendelee na njia yako, maana karibu ya kwanza ni heshima. Wakiirudia mara ya pili na ya tatu huku wakikusogezea nafasi, basi kaa, nawa mikono, ule kwa mkono wa kulia.

Utakuwa umesikia habari za mabaraza na ukatamani kukaa. Yapo, na kahawa chungu hunywewa hapo kwa vikombe vidogo pamoja na kashata ya njugu au kipande cha halua, na mazungumzo ni ya mpira, siasa na bei ya vitu. Jaws Corner, katikati ya Mji Mkongwe, ndipo panapojulikana zaidi. Lakini nikueleze ukweli ambao vitabu vya watalii huupitia juu juu: baraza la kahawa la njiani ni la wanaume. Hakuna atakayekufukuza, utapewa kikombe na nafasi, ila mazungumzo yatabadilika kwa ajili yako, na hutayasikia yale wanayoyasema wakiwa peke yao. Baraza la wanawake lipo mahali pengine. Jioni kule Ng'ambo wanawake hukaa nje ya milango yao au uani, wanasukana, wanasuka ukili, wanauza bajia na vitumbua, wanazungumzia harusi ya Ijumaa ijayo. Pita saa ile ile siku mbili tatu, nunua bajia zako, simama uzile hapo hapo badala ya kuondoka nazo. Utavutiwa kigoda.

Ukialikwa harusini, nenda. Usiogope kwamba hukuleta nguo. Uliza watu wamepanga kuvaa nini na jirani atakuazima. Toa mchango wako kwa mkono wa yule aliyekualika, kiasi cha kawaida tu, kwa sababu mgeni akizidisha humwongezea mwenyeji deni la shukrani asilolihitaji. Kuhusu mavazi ya kila siku sina mengi: mabega na magoti yafunikwe kila mahali isipokuwa ufukweni mwa hoteli, na uwe na doti moja ya kanga, ambayo utaitumia kwa kujitanda, kufunika chakula na kuketi. Ukitaka kumpa mtu kanga kama zawadi, soma kwanza maneno yaliyoandikwa, maana kanga husema, na wapo waliopeleka ugomvi nyumbani kwa watu kwa kuvutiwa na rangi.

Jumapili nenda kanisani. Nakushauri hivyo kwa sababu Wakristo wa Unguja nao ni wenyeji, na wageni wanaotafuta Zanzibar halisi huwasahau. Kanisa Katoliki la Mtakatifu Yosefu, ambalo mjini tunaliita Minara Miwili, lipo ndani ya Mji Mkongwe, na kanisa la Anglikana lipo Mkunazini, mahali palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Baada ya ibada utapata watu wa kuzungumza nao ambao maisha yao ya kuishi bega kwa bega na majirani Waislamu yatakueleza mengi juu ya visiwa hivi. Msikitini usiingie bila ya kualikwa, na Ijumaa mchana usipange shughuli yoyote ya dukani wala ofisini.

Kwa siku moja au mbili toka mjini uende shamba, neno ambalo kwetu lina maana ya nje ya mji kwa jumla. Gari ya Nungwi ni namba 116 na ya Jambiani ni 309. Utabanana, utapakata mtoto wa mtu usiyemjua, na juu ya gari patakuwa na mikungu ya ndizi na madumu. Mwambie utingo mapema pa kukushusha na uwe na chenji. Gari ya abiria husimama mara nyingi, nawe usilalamikie hilo, kwa kuwa kila inaposimama utasikia salamu na habari za kijiji kizima.

Lakini kabla hujachagua siku ya kwenda Jambiani, utazame mwezi. Ukiwa mpya au mpevu maji huwa ya bamvua, bahari hukauka mbali sana, na katika mwambao wetu siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa 4 asubuhi. Ndipo wanawake wanapoingia kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoanza katika pwani hiyo ya Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengine hutafuta pweza kwenye mawe. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hutaona kitu ila bahari nzuri. Ratiba ya mwanamke wa pwani hupangwa na mwezi, na ukiijua hiyo utaelewa kwa nini siku fulani hakuna mtu nyumbani na siku nyingine vijiji vimejaa. Ukifika ufukweni, ngoja watoke majini wakiwa na magunia yao, amkia, saidia kubeba ukikubaliwa. Nilipata kuiona kampuni moja ya kutembeza watu ikiwapitisha wageni 14 juu ya kamba za mwani wakati maji yamepwa, wakipiga picha migongo ya watu walioinama, na miche iliyokanyagwa siku hiyo ilikuwa ya mama mwenye watoto wa skuli. Sijaweza kuisahau. Mwani hupandwa fundo kwa fundo kwenye kamba, kila kitawi kimefungwa kwa mkono, na anayeukanyaga ameikanyaga kazi ya wiki nzima.

Kisha vuka uende Pemba. Boti huteremsha abiria Mkoani, na kutoka hapo gari huenda Chake Chake na kuendelea Wete. Chagua mji mmoja ukae. Mimi nitapendelea Wete, na utanisamehe kwa kuwa ndiko nilikozaliwa, ila sababu yangu nyingine ni kwamba ni mji mdogo wa kutembea kwa miguu, na ukitoka nje kidogo tu umekwisha kuingia kwenye mikarafuu. Wageni Pemba ni wachache kuliko Unguja. Hutasumbuliwa na mapapasi wanaokufuata na vitu vya kuuza, lakini pia hutakuta kila kitu kimeandaliwa kwa ajili yako, na ukiuliza mkahawa unaweza kuchukuliwa nyumbani kwa mtu.

Agosti ni mwezi mzuri, kwa sababu mara nyingi karafuu huwa zimeanza kuiva. Utaisikia harufu kabla hujaona kitu, na kando ya barabara utaona majamvi yaliyoanikwa, upande mmoja karafuu mbichi zenye rangi ya kijani na wekundu kwa mbali, upande mwingine zilizokwisha kuwa kahawia. Usizikanyage wala kuziruka, zunguka. Mchana watu huwa mashambani, vijana juu ya miti na wengine wakiangua matawi ya chini kwa kigoe. Usipande mti, hata ukihimizwa, kwa kuwa tawi la mkarafuu huvunjika ghafla, na kila msimu watu huanguka. Kazi inayokufaa ni ya jioni. Vikonyo, yaani vishada vya karafuu vilivyochumwa, vikifika nyumbani humwagwa chini katikati ya familia, taa huwashwa, na kila mtu, kuanzia bibi hadi mtoto wa darasa la pili, huanza kuchambua. Unakishika kikonyo kwa mkono mmoja, unakibana karafuu zake juu ya kiganja cha mkono wa pili, unakizungusha kidogo, karafuu zinadondoka na kikonyo kinabaki mkononi. Karafuu huenda upande huu, makonyo upande ule, na makonyo nayo hayatupwi, maana hukamuliwa mafuta kiwandani Wawi. Baada ya saa moja vidole vyako vitakuwa vyeusi na vya moto, na harufu hiyo hutaitoa kwa sabuni ya siku moja. Pakiwa na kazi ya mikono namna hiyo, hakuna anayekumbuka kwamba wewe ni mtu wa kuulizwa maswali ya heshima. Hadithi hutoka zenyewe, vitendawili hutegwa, na watoto watakusahihisha unapochanganya makonyo na karafuu.

Mvua ya ghafla ikija mchana, utaona nyumba nzima ikikimbilia majamvi. Kimbia nao. Karafuu iliyoanikwa ikirowa na kuchelewa kukauka hupauka na kuwa mpeta, na mpeta haina bei. Familia ikipoteza jamvi moja kwa mvua imepoteza kitu cha msimu mzima, kwa hiyo dakika 5 hizo za kukunja majamvi zitakumbukwa kuliko zawadi yoyote uliyoileta.

Tahadhari moja ni ya lazima. Kwa sheria ya Zanzibar karafuu ya mkulima hununuliwa na Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar, ZSTC, peke yake, na kuzitoa nje kwa njia nyingine ni magendo, kosa ambalo hufuatiliwa kwa ukali, khasa kwa mtu anayerudi Kenya. Mtu akitaka kukuuzia mfuko wa karafuu nyumbani, mkatalie kwa upole. Kama unataka za jikoni kwako, nunua pakiti ndogo dukani.

Mikononi usije mitupu. Usilete peremende za kugawia watoto njiani, wala usiwape pesa. Hilo limeharibu watoto wa pwani nyingi. Leta majani ya chai ya kwenu, ya Kericho au Nandi, pakiti kama 10, na kila nyumba iliyokupokea iachie moja, kwa kuwa chai ndiyo inayonywewa humu asubuhi na usiku, na watasema hii ni ya yule muuguzi wa Eldoret mpaka itakapokwisha. Ukinunua sukari kilo moja ukaifuatanisha, umekamilisha. Kuhusu picha, omba kwa mdomo, na ukikataliwa usiombe mara ya pili. Ukikubaliwa, ichapishe kabla hujaondoka mjini au itume kwa simu siku hiyo hiyo, maana ahadi za picha zilizosahauliwa ni nyingi sana katika visiwa hivi.

Jambo la mwisho ni kuaga. Wageni hufika kwa salamu nzuri kisha wakatoweka alfajiri moja na sanduku lao, na watu huumia. Anza siku mbili kabla: mwambie muuza mikate, mwambie mama wa bajia, mwambie sheha kama ulimwona ulipofika. Boti ikiwa ya asubuhi, pita nyumba kwa nyumba usiku uliotangulia, baada ya sala ya isha, wakati watu wamekaa kwenye chai. Utapewa vitu ambavyo hukuviomba, halua ya Wete iliyofungwa vizuri, labda ndizi. Vipokee kwa mikono miwili, uvibebe. Na kabla hujanyanyuka muulize mwenye nyumba kama ana neno la kumpelekea mama yako, kwa sababu watakuwa wamekwisha kumjua kwa jina, nao watakuwa nalo.